Habari za Miguu

Koplo Mbwana Shekilindi alitoka nje ya mlango wa chuma, akasogea hatua chache kwenye theluji, akamwaga kikombe cha maji ya moto hewani. Maji hayakufika chini. Yaligeuka unga mweupe, ukapeperuka. Ndani ya ukumbi wa vioo, wajumbe wa Muungano wa Kaskazini walipiga makofi, ingawa mchezo ule waliuona tangu wakiwa watoto, maana kwao ndiko huko. Walipiga makofi kwa adabu, kama mgeni anavyomsifu mtoto wa mwenyeji kwa kujua kuhesabu mpaka kumi.

Kisha Koplo akasimama pale pale, nyuzi arobaini chini ya sifuri, amevaa vazi jembamba la kijivu ambalo ungedhani ni nguo ya kukimbilia asubuhi. Hakutetemeka. Alikuwa kijana wa Lushoto, winga wa kushoto wa timu ya kikosi, na alikuwa amewaambia wenzake wote kwamba baridi ni ndugu yake wa kunyonya ziwa moja.

"Hilo," alisema Jenerali Evarist Kihampa, akigeuka ili kamera imchukue upande wake mzuri, "ndilo Gandajoto."

Gandajoto lilikuwa vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, na katikati yake zimepita nyuzi za kupasha joto, nyembamba kuliko unywele, zikipata umeme kutoka kwenye betri bapa ya kifuani. Ndani ya betri ilikaa akili mnemba ndogo yenye kazi moja tu, kugawa joto. Katika baridi ya namna ile betri huchoka upesi, na joto halitoshi kwa mwili wote kwa wakati mmoja. Akili mnemba ndiyo iliyoamua kifua kipate kiasi gani, mikono ipate kiasi gani, na miguu ipate kilichobaki. Kiungo chenye shida kiliongezewa, kisicho na shida kilipunguziwa. Kwenye vitabu uliitwa Mfumo wa Ulezi wa Askari. Askari wenyewe waliuita Yaya.

Mwaka ulikuwa 2094, na mahali palikuwa Kisiwa cha Skarn, karibu na utosi wa dunia, ambako Shirikisho la Afrika Mashariki lilikuwa limepeleka kikosi kulinda machimbo ya nikeli ya watu wengine. Ukiuliza watu waliozaliwa Singida na Kitale walikuwa wanatafuta nini kwenye barafu, jibu rasmi lilikuwa refu, lenye "ushirikiano" na "heshima" kila baada ya koma. Jibu fupi ni kwamba vijana wa Kaskazini walikuwa wamekataa kwenda. Basi sisi, ambao barafu ya mlima wetu wenyewe iliyeyuka tukaiaga kwa kupiga nayo picha, tukaenda kulinda barafu ya wenzetu.

Jenerali Kihampa alikuwa mtu wa mwili, wa sauti, na wa vioo; hakupita penye kioo bila kujitazama. Baridi aliyoifahamu kuliko zote ni ya kiyoyozi cha ofisini kwake. Siku aliyofika Skarn alitembea nje kutoka kwenye ndege hadi kwenye gari lililokuwa likimngoja injini ikiunguruma, akasema, "Mbona si mbaya," na tangu siku hiyo aliusimulia mwendo ule kama vita aliyopigana. Debe tupu haliachi kuvuma. Alitaka kitu kimoja duniani, ukamanda wa majeshi yote ya Ncha ya Kaskazini, na wajumbe wale ndio wangeutoa.

Nyuma ya wajumbe, kwenye meza ya mitambo, alikaa mwanamke mfupi wa Urambo aliyekuwa akitafuna kijiti. Huyo ndiye Mhandisi Nyamizi Kasanda, aliyelibuni Gandajoto. Kwenye hotuba ya Jenerali hakutajwa. Lilitajwa shirikisho, likatajwa jeshi, akatajwa Mungu, na Jenerali akajitaja mwenyewe mara nyingi kuliko wote watatu.

Nyamizi hakujali kutotajwa. Alijali miguu.

Mwanzoni kabisa Gandajoto lilikuwa na vihisi, vijidude vidogo vya kupima joto, kwenye kila kidole cha mkono na cha mguu. Mikononi vilifanya kazi. Miguuni vilikufa vyote. Mtu akitembea miguu hutoka jasho, jasho likaingia kwenye soksi, likaganda, na ile barafu ikavikatakata vihisi. Nyamizi alihangaika navyo mwaka mzima, akibadilisha hiki na kile, mpaka akapata wazo ambalo kila mtu alilishangilia. Viondolewe, mwenye miguu aulizwe! Nani anaijua miguu kuliko mwenyewe? Yaya aulize kila baada ya muda, askari ajibu, na joto ligawiwe kwa kufuata jibu.

Wazo hilo lilijaribiwa kwanza kwa askari wa Kaskazini, na lilifanya kazi ajabu. Wale watu wanajua kulalamika. Yaya alipowauliza, mmoja alisema kidole gumba cha kushoto kinawaka moto. Mwingine alisema kisigino kimekufa ganzi, chai ya asubuhi ilikuwa mbaya, na likizo yake imecheleweshwa. Yaya alisikiliza yote, akachukua la kisigino akaacha la likizo, akapeleka joto panapotakiwa. Hakuna aliyepoteza hata ukucha. Wataalamu wakaandika kwamba kazi imekwisha na kilichobaki ni kulitafsiri swali.

Nyamizi akalitafsiri. "Habari za miguu?" Sauti aliyoichagua ilikuwa ya muuguzi mmoja wa Pangani, laini, yenye subira, sauti inayokufanya ukumbuke kwamba hata jana hukulala vizuri.

Jenerali alipoisikia alikunja uso. "Hili ni jeshi au chekechea?" Akaagiza iwekwe sauti yake. Alirekodi siku nzima, akirudia na kurudia mpaka akajipenda. Tangu hapo kila askari, mwanamume kwa mwanamke, aliulizwa ndani ya kofia yake na Jenerali mwenyewe, kwa ile sauti ya uwanja wa paredi: "Habari za miguu, kijana?" Jina la Yaya likafa siku hiyo hiyo. Wakaanza kuliita vazi Mzee.

Nyamizi aliiweka sauti ile kwa mikono yake mwenyewe. Alinung'unika, lakini aliiweka.

Baada ya mchezo wa maji likaja onyesho kubwa. Askari wanane, Koplo Shekilindi akiwemo, wakiongozwa na Sajini Jerono Kiptui wa Kapsabet, wangevuka ghuba iliyoganda, wakavamie kibanda chenye bendera nyekundu upande wa pili, kisha warudi. Nyuma yao wangevuta mkokoteni wa theluji, ule usio na magurudumu, wenye hema na vyakula. Kazi ya kuvuta ilikuwa ya punda-chuma, roboti za miguu minne zilizoletwa kwa mbwembwe na bendi ya tarumbeta. Punda-chuma wote walikufa juma la kwanza, mafuta ya viungo yalipogeuka gundi. Walikuwa bado wamesimama nyuma ya ghala, theluji mgongoni. Mashine ikishindwa huachwa ipumzike, na mzigo wake hupewa mwanadamu. Ndiyo sayansi tuliyofikia.

Wakaondoka. Theluji ya baridi kali haina unyevu. Inalia chini ya kiatu kama wanga mkavu, na mlio wao ulisikika ukumbini kupitia vinasa sauti. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani, chini ya picha kutoka kamera ya mkokoteni, yalipangwa majina manane, na mbele ya kila jina taa ya kijani. Kijani maana yake mwenye jina amejibu kwamba hajambo. Pembeni ya taa palionyeshwa betri imebaki na nguvu kiasi gani.

Mmoja wa wajumbe, Kanali Aune, mwanamke mzee mwenye pua iliyokatwa ncha na baridi ya zamani, aliuliza swali kupitia mashine ya ukalimani. "Askari wenu wanatazamana? Kwetu kila mtu ana mwenza. Wanasimama, mmoja anamtazama mwenzake uso, anamvua kiatu hemani, anamshika vidole."

Jenerali alicheka kicheko cha huruma. "Kanali, hayo ni mambo ya enzi za mababu. Tuliyafuta. Askari wetu hana haja ya kushikwa vidole. Ana mimi." Akaigonga gonga kofia ya maonyesho iliyokuwa mezani, nayo ikamjibu kwa sauti yake mwenyewe: "Habari za miguu, kijana?" Wajumbe wakacheka. Yeye akacheka zaidi, maana alikuwa wawili.

Walipofika katikati ya ghuba, penye nguzo ya zamani ya kupimia barafu, Jenerali aliwaonyesha wajumbe betri. "Tazameni matumizi. Jeshi gani lingine linatumia umeme kidogo hivi? Mwafrika ni mvumilivu kwa asili."

Nyamizi aliacha kutafuna kijiti. Yeye pia alikuwa ameziona zile betri, na mwanzoni alifurahi, kama fundi yeyote. Sasa furaha ilimtoka. Betri zilikuwa zimejaa mno. Katika baridi ile, kwa mwendo ule, zilipaswa kuwa zimeshuka karibu na nusu. Umeme ambao haujatumika ni joto ambalo halijatolewa. Na kama halijatolewa, kuna mahali halikufika.

Akavaa visikizi, akafungua sauti za ndani ya kofia.

"Habari za miguu, kijana?"

"Nzuri, afande!"

"Habari za miguu, kijana?"

"Salama, afande!"

"Habari za miguu, kijana?"

"Hatujambo, afande! Fiti!"

Akarudi nyuma, akasikiliza za mwanzo wa safari. Nzuri. Safi. Shwari. Tunamshukuru Mungu. Nzuri tu. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema kidole kinamuuma. Na kila jibu lilipotoka, akili mnemba, ambayo haikuzaliwa na mtu wala haikuwahi kubisha hodi nyumbani kwa mtu, iliamini ilichoambiwa. Ikapunguza joto la miguu. Ikauliza tena. Ikaambiwa nzuri. Ikapunguza tena.

Nyamizi alivua visikizi. Alimkumbuka shangazi yake wa Urambo, mwaka ule wa moto. Alimpigia simu, akamuuliza, "Shangazi, habari za huko?" Shangazi akajibu, "Nzuri, mwanangu." Wakaulizana za watoto, nzuri, za kazi, nzuri, za mvua, nzuri. Mwisho kabisa shangazi akasema, "Isipokuwa tu nyumba imeungua." Ndivyo tulivyo. Nani kati yetu amewahi kujibu "mbaya" kwenye salamu ya kwanza? Hata penye msiba mtu huulizwa habari za hapa akasema nzuri, ndipo aeleze nani kafa. Nzuri ni mlango tu. Habari yenyewe imekaa ndani, na haitoki mpaka uketi. Nyamizi alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alilijua, akalisahau, kwa sababu ripoti ya watu wengine ilikuwa imeandikwa vizuri.

Alisimama, akaenda mpaka ubavuni mwa Jenerali, akanong'ona. "Afande, naomba tusimamishe zoezi. Miguu yao haipati joto."

"Taa zote ni kijani, binti."

"Kijani ni majibu yao tu, afande. Wanajibu salamu. Hawaelezi miguu."

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Wewe ni Jenerali. Nani atakwambia kidole kinamuuma?"

Hapo alikosea, maskini, kwa kudhani hoja ile ingemtisha. Jenerali aliipokea kama sifa. "Hasa," alisema. "Hakuna."

"Basi niruhusu niwashe joto la lazima. Ufunguo unao wewe."

Jenerali alitazama kioo, akatazama wajumbe. Joto la lazima lingewashwa, betri zingeporomoka mbele ya macho yao, na hotuba yake ya uvumilivu wa asili ingeporomoka nazo. "Wakirudi," alisema. "Kaa chini, Mhandisi. Unanitia aibu mbele ya wageni."

Nyamizi alirudi mezani. Hakukaa. Kwenye kioo Koplo Shekilindi alikuwa mbele ya wenzake, kamba ya mkokoteni kifuani, na mwendo wake ulikuwa umebadilika. Winga yule aliyezoea kukimbia kwa ncha za vidole alikuwa akitua kwa unyayo mzima, pwa, pwa, kama anakanyaga udongo wa kujengea. Ukumbini hakuna mwingine aliyeliona hilo. Walikuwa wanatazama kijani.

Akachukua kipaza sauti cha redio.

"Koplo Shekilindi, hapa ni Nyamizi."

"Shikamoo, dada Mhandisi!" Sauti ilikuja ikihema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za safari?"

"Safi tu."

"Na wenzako?"

"Wazima wote."

Jenerali aligeuka. "Mhandisi! Hiyo ni redio ya jeshi, si baraza la harusi!"

Nyamizi alimpa mgongo. "Za nyumbani Lushoto je?"

"Nzuri, dada. Mama anakusalimu kila siku."

"Namwitikia. Hajambo yeye?"

"Hajambo. Isipokuwa presha inamsumbua kidogo."

"Pole sana. Mwambie nampa pole. Anapata dawa?"

"Anapata, dada. Asante."

"Na wewe mwenyewe, mwili?"

"Mwili mzima."

"Na miguu je?"

"Miguu nzuri."

Nyamizi aliiacha redio wazi akangoja, kama mtu aliyekwisha kuketi na hana mpango wa kuondoka. Theluji ililia chini ya viatu.

"Isipokuwa tu..." alisema Koplo.

"Isipokuwa nini, mdogo wangu?"

"Siisikii. Lakini si tatizo, dada, wala haiumi. Mwanzoni ilikuwa inawaka kweli kweli, nikasema leo nitalia. Ila tangu pale kwenye nguzo imetulia kabisa, namshukuru Mungu. Natembea kama nimevaa magogo."

Nyamizi alifumba macho. Mguu unaoganda huuma kwanza, na maumivu ndiyo uhai wake unaopiga kelele. Ukinyamaza, umekwisha kukata tamaa. Na huyu kijana alikuwa anamshukuru Mungu kwa kunyamaza kwake.

Sajini Jerono aliingia redioni kabla Nyamizi hajasema kitu. "Shekilindi! Umesema nini? Na mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza habari, afande, nikakwambia nzuri."

"Ya kwako ni nzuri gani hiyo, wewe?"

"Nilidhani Mzee anajua, afande. Ananiuliza kila saa. Mtu hawezi kukuuliza mara zote hizo kama hajui."

Kisha sauti ya mwanamke kijana, kutoka nyuma ya mkokoteni: "Afande, hata mimi vidole sivisikii." Kisha nyingine: "Mimi ni kisigino tu, afande." Kisha ya tatu, na ya nne, kila mmoja akianza kwa kusema hajambo. Kwenye ukuta wa ukumbi taa zote nane ziliendelea kuwaka kijani.

"Simameni!" alisema Jerono. "Hema juu, sasa hivi! Viatu vyote chini!"

Jenerali alimnyang'anya Nyamizi kipaza sauti. "Sajini Kiptui, hapa ni Jenerali Kihampa. Bendera iko mbele yenu, mnaiona. Endelea na zoezi!"

Jibu lilikuja kwa heshima zote. "Samahani, afande. Hiyo sauti naisikia humu ndani ya kofia tangu asubuhi. Sina njia ya kujua kama ni wewe, ama ni nguo yangu inaongea. Nitathibitisha nikirudi."

Ukumbini mtu mmoja alicheka. Alikuwa Kanali Aune, na kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu asiyefurahi. Alikuwa amekwisha kuinuka. Alisema maneno machache kwenye redio yake mwenyewe, na dakika hizo hizo gari la theluji la watu wake liliwashwa nje ya ghala, likapita mbele ya punda-chuma waliosimama, likaelekea ghubani.

Kamera ya mkokoteni, ulioburutwa hadi ndani ya hema, ilikuwa bado inapiga picha, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuizima. Hivyo wajumbe waliona yaliyoendelea hemani. Waliwaona askari wa Shirikisho wakiyafungua magandajoto yale ya ajabu kifuani, wakiinua fulana, na kila mmoja akiweka nyayo za mwenzake kwenye tumbo lake tupu. Wawili wawili, wakitazamana, meno yakigongana, mmoja akiomba radhi kwa baridi ya vidole vyake. Jerono alichukua miguu ya Shekilindi. Aliiweka tumboni pake akaifunika kwa mikono, akamtukana Shekilindi kwa Kikalenjin na kwa Kiswahili, huku machozi yakimganda kwenye kope. Baadaye alisema ilikuwa kama kukumbatia samaki wa jokofuni. Na ndani ya kofia nane zilizotupwa pembeni, Jenerali aliendelea kuuliza. Hakuna aliyemjibu, na kwa kuwa hakujibiwa, mashine kwa mara ya kwanza siku ile ikawa na wasiwasi, ikapandisha joto la miguu hadi juu kabisa, kwenye soksi zisizo na mtu.

Saba kati yao walipona. Walipoteza kucha, walipoteza ngozi, mmoja alipoteza kidole kidogo. Shekilindi, aliyetembea mbele ya wote na kuvuta kuliko wote, alikatwa miguu yote miwili, juu kidogo ya kifundo.

Ungetarajia Jenerali aadhibiwe. Ungetarajia, kama umezaliwa jana. Wajumbe wa Kaskazini walikaa kikao cha faragha, na Kanali Aune peke yake ndiye aliyepinga, akapiga meza mpaka glasi ikaanguka. Wenzake walimsikiliza kwa adabu ile ile ya kupigia makofi maji. Walikuwa na askari wa kwao waliolalamikia chai. Walikuwa wametafuta kwa muda mrefu jeshi lisilolalamika, na sasa walikuwa wameliona kwa macho yao, likitembea juu ya miguu iliyokufa na kusema nzuri. Ukamanda wa Ncha alipewa Jenerali Kihampa. Gandajoto liliagizwa kwa vikosi vyote vya kusini, kama lilivyo, sauti na swali, bila kubadilishwa kitu. Vikosi vyao wenyewe wakaviachia jicho la mwenza.

Nyamizi aliandika kujiuzulu, akaambiwa angoje. Alipongoja alikwenda kila siku kwenye wodi ya kambi, akaketi kando ya kitanda cha Shekilindi. Alimwambia ukweli wote siku ya kwanza: kwamba swali lilikuwa lake, na sauti aliiweka yeye.

Koplo alimsikiliza mpaka mwisho. "Lakini ulikuja ukaniuliza vizuri, dada," alisema.

"Nilichelewa."

"Ulichelewa," alikubali Koplo, bila hasira, na jambo hilo lilimuumiza Nyamizi kuliko tusi.

Jenerali alikuja wodini siku ya kuvishwa cheo chake kipya, na nyota zake mabegani, na wajumbe, na kamera mbili. Alikuwa na haraka; ndege ilimngoja injini zikiunguruma. Wagonjwa walitandikiwa shuka mpya. Shekilindi, alipomwona mlangoni, alijinyoosha kitandani kwa ukakamavu, mikono ubavuni, kidevu juu, amesimama wima kwa namna pekee iliyobaki.

Jenerali alisimama mbele ya kitanda, akaitazama kamera, akainua ile sauti ya uwanja wa paredi ambayo sasa ilikuwa mali ya dunia nzima.

"Habari za miguu, kijana?"

"Nzuri, afande!" alisema Koplo kwa nguvu, kama alivyofundishwa jeshini, na kabla ya jeshi, nyumbani kwao.

Jenerali alitikisa kichwa kwa fahari, akawageukia wajumbe. "Mnaona?" Wakaona. Msafara ukasogea kitanda cha pili, kamera zikafuata.

Nyamizi alikuwa bado kwenye kiti chake. Alikuwa anangoja, na Koplo alijua kwamba anangoja. Basi akamalizia jibu lake, polepole, akiuambia ule mgongo mpana wenye nyota uliokuwa unakwenda zake.

"Isipokuwa," alisema, "imekatwa."